Manjano Yaliyong'aa Kijani

Juma lililopita nilikwenda kisiwani Chula kwenye siku ya saba ya mtoto wa Tima, nikarudi na hasira niliyodhani nimeshaizika. Sina nafasi ya hasira. Nina watoto wawili, mdogo anaota meno na amenyonya mpaka nimekauka, na haya nayaandika jikoni, sufuria iko motoni, kila mara nasimama kukoroga. Lakini yasipoandikwa yatabaki yakisimuliwa kama yanavyosimuliwa sasa, na yanasimuliwa uongo. Sitaeleza mimi ni wa nani wala babu yangu alitoka kisiwa gani. Mbajuni mwenzangu ataupata ukoo wangu kabla chai yake haijapoa, na asiye Mbajuni haumfai kitu. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitatu, nikakaa Kismayu kwa shangazi yangu Mwanakombo ili nisome. Tima ni bintiye. Mwaka ule alikuwa na miaka saba, na nywele zake, zikisukwa, zilimshuka mgongoni kama kamba mbili, na wanawake wa mtaa walikuwa wakizishika njiani bila kuomba.

Kwetu siku ya saba mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, kisha kichwa hupakwa. Wenye nacho hupaka zafarani. Sisi wengine hupaka manjano yaliyopondwa na kukorogwa na mafuta ya simsim, mtoto akatoka hapo kichwa kama kiini cha yai. Chula bakuli lilikuwa limeshawekwa, mtoto ameshanyolewa, analia kwa ile sauti ya paka ya watoto wachanga, ndipo Bi Shamsa, mama mkwe wa Tima, akaweka kiganja juu ya bakuli. "Huyu hapakwi," akasema. "Manjano ndiyo yaliyomla mamake kichwa." Wanawake wakaguna lile guno la kukubali. Tima alikuwa amekaa kitandani, mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi, kama anavyoufunga tangu utoto. Alimtazama mwanawe. Mimi nilihisi damu inanipanda masikioni, maana nilikuwepo. Katika chumba kile chote, ukiniondoa mimi na Tima, hapakuwa na mtu aliyekuwepo.

Nyumba ya Shangazi Kismayu ilikuwa chumba kimoja, ukumbi mwembamba na ua. Kitanda cha kamba walilala yeye na Tima, na baadaye na kichanga. Mimi nililala ukumbini juu ya mkeka, karibu na gunia la makaa, na hata leo nikisikia harufu ya makaa mabichi nahisi kama kuna mtihani kesho. Mumewe alikuwa baharia, anakuja na kuondoka, na akija tulijua kwa harufu ya tende. Asubuhi tulikula anjera, ile mikate laini ya Kisomali, kwa mafuta ya simsim. Mchana, kama samaki amekuwa ghali, Shangazi alipika zile tambi ndefu za Waitaliano, na kila akizipika alizitukana kwa Kibajuni. "Mchu mzima akala minyoo!" Kisha anazimwagia mchuzi wa manjano na pilipili na papa mkavu mpaka Mwitaliano mwenyewe asingezitambua, na tunazila kwa mkono, Tima anazifyonza moja moja, zinampiga kidevuni zinaacha mstari wa manjano. Manjano yalikuwa kila mahali nyumbani mle. Yalikuwa kwenye mchuzi, kwenye vidonda, kwenye uso wa bi harusi, kwenye kifundo cha mguu ulioteguka. Kucha za Shangazi hazikuwahi kuwa na rangi nyingine.

Waitaliano walikuwa wamerudi wakati huo. Safari hii walisema hawakuja kututawala, wamekuja kutuangalia tu mpaka tukue, na Shangazi akasema hata fisi huangalia. Lakini walifungua shule na mimi nilikuwa nazitaka shule zao, siwezi kusema vingine. Nilikipenda Kiitaliano. Mwalimu alitufundisha rangi kwa vipande vya karatasi, anainua kimoja, darasa zima tunapiga kelele: rosso! verde! giallo! Nyekundu, kijani, manjano. Nilikuwa wa kwanza darasani, na kwa sababu hiyo, wageni wakija, mimi ndiye nilisimamishwa kando yao kufasiri. Nilijua kusema kwa Kiitaliano "mlima uliofunikwa na theluji". Kitu kilichomo jikoni kwetu sikujua kutaja hata kimoja. Hakuna aliyetaka kujua kilichomo jikoni kwetu.

Daktari alikuja na taa baada ya mwezi wa mfungo. Shuleni palikuwa na mapunye, kweli yalikuwepo, watoto kadhaa walikuwa na mabaka ya upara yenye magamba na walikuwa wakijikuna mpaka damu. Walichagua ghala la unga kwa sababu lilikuwa na dirisha moja tu, wakaliziba dirisha kwa blanketi mbili. Ndani mlinuka magunia na mafuta ya madebe, na joto la mle lilikuwa la kubeba kwa mikono. Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye macho ya kuchoka. Hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, angekuwa mkali ningekuwa nimeshamaliza naye. Msaidizi wake alikuwa Msomali kijana akiitwa Abdi, mcheshi. Mimi niliwekwa katikati nishike vichwa na kufasiri. Abdi akafunga mlango, daktari akawasha taa, nami nikadhani imeharibika, maana haikutoa mwangaza. Ilikuwa na kioo cheusi na ilitoa kitu kama rangi ya zambarau iliyokaribia kufa. Kisha nikaona meno ya Abdi. Meno peke yake, meupe-buluu, yanacheka gizani.

"Funga mdomo wewe," Abdi aliniambia kwa Kisomali, "meno yako yametutangulia chumbani."

Nilitazama mikono yangu, kucha zinang'aa. Shati la daktari liliwaka kama limetoka kwa malaika. Uzi mmoja kwenye pindo la kanzu ya mtoto uliwaka, uzi wa pili wa pembeni yake ukabaki mweusi, na mchana nyuzi zote mbili zilikuwa nyeupe sawasawa. Daktari alinieleza, nikawaeleza watoto, kwamba kuna vitu vina mwanga wao viliouficha, na taa hii inavilazimisha kuutoa. Ugonjwa wa mapunye, akasema, mchana unaweza kujificha kwenye nywele, lakini hapa hujitaja wenyewe. Mtoto wa kwanza mwenye mabaka akainama, na kweli, vishina vya nywele vilivyokatika viliwaka kijani, kijani cha mwani. Darasa lilishusha pumzi. Atakayeng'aa, daktari akasema, atakwenda hospitali akawekwe chini ya mashine, nywele zote zidondoke, kwa kuwa ugonjwa hukaa ndani ya unywele na hakuna dawa ya kuufikia. Nilifasiri yote hayo kwa sauti ya juu, kwa fahari. Niliipenda taa ile. Mpaka leo siichukii. Taa haikusema uongo hata siku moja. Taa husema hapa pana kitu. Jina la kitu hicho husemwa na mtu.

Madarasa ya wadogo yaliletwa mwisho. Tima alipoingia alinitafuta gizani, akasema "Dada Hija, uko wapi?" nami nikacheka nikamwonyesha meno. Akainama chini ya taa. Kichwa chake kikawaka chote. Hayakuwa mabaka wala vishina. Njia nzima ya katikati ya nywele, kuanzia utosini hadi kisogoni, na paji la uso, na nyuma ya masikio, kulikuwa na kijani chenye unjano, kikali kuliko vyote tulivyoviona siku ile. Abdi alipiga mluzi. "Huyu ni taa ya mnara," akasema. Daktari hakucheka. Aliguna kwa masikitiko ya kweli, akamfunga Tima kitambaa cheupe kichwani, akasema, "Huyu, wa kwanza kabisa." Tima akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema uko wa kwanza, naye akatoka nje akitabasamu.

Jioni Shangazi alikuwa uani anachambua mchele, kichanga mgongoni, jirani anamsaidia. Kichanga kile, ndugu wa Tima, kilikuwa kimefanyiwa siku ya saba siku iliyotangulia tu. Nilikuwa ukumbini na kitabu, nikawasikia. Shangazi alikuwa analia bila sauti ya kulia, anasema tu. "Wanipe sababu. Kichwa cha mwanangu sijaona hata mba. Mimi nakisuka kwa mkono wangu kila Alhamisi." Jirani akasema labda ni jicho, nywele zile zimetazamwa mno. Kisha mchele unapepetwa, kisha Shangazi akasema, pole pole kama mtu anayepapasa gizani, "Wee. Jana si alikomba bakuli?" Ndipo nami nikakumbuka. Kichanga kilipomaliza kupakwa, Tima alilichukua bakuli, akajipaka yaliyobaki, kichwani na usoni, anajifanya naye ni mwana wa siku saba, na sisi sote tulicheka, na Shangazi akampangusa uso kwa upindo wa leso akamsuka hivyo hivyo, na nywele zake zina mafuta. Shangazi akaja mlangoni, chungwa la jua linamchoma machoni. "Hija! Ni manjano! Si ugonjwa, ni manjano! Vaa buibui, twende ukamwambie."

Daktari alikuwa bado yuko shule, anafunga vitu vyake. Shangazi alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akasema kwa heshima zote, "Mwambie, bwana, mwanangu hana ugonjwa. Ni manjano."

Nikamwambia daktari: "Dice che è giallo," yaani anasema ni rangi ya manjano.

Akanitazama kwa upole. "Hapana, binti," akasema. "Ni kijani. Uliona mwenyewe. Kijani." Akalirudia polepole neno lake, verde, kama mwalimu wangu na kile kipande cha karatasi.

"Amesemaje?" Shangazi akauliza.

"Amesema si manjano, ni kijani."

"Kijani kipi? Nani ametaja kijani? Mimi nimempaka kwa... Mwambie amepakwa manjano!"

Nilijua sasa neno langu halifai, nikalitafuta jingine na sikulipata. Nikamgeukia Abdi, nikamwambia kwa Kisomali ni huruud, mwambie wewe. Lakini huruud nayo ni hivyo hivyo, ni mzizi na ni rangi, na Abdi alipoifasiri ilitoka giallo, neno lile lile limezunguka likarudi. Basi nikasema kwa Kiitaliano changu cha milima na theluji: amewekewa kitu cha rangi ya manjano, kichwani, na mama yake.

Uso wa daktari ukabadilika, nikadhani ameelewa. "Ah," akasema. "Dawa ya kienyeji. Kwa hiyo mama alijua mtoto ana ugonjwa, akamtia dawa." Akamwangalia Shangazi moja kwa moja, akauliza kwa ule ukali wa kumsemesha kiziwi: "Medicina? Medicina?"

Neno hilo Shangazi alilijua. Kila mtu mjini alilijua. Na kwetu dawa ni nini? Dawa ni kinachoponya na kinachokinga, ni sabuni, ni baruti, ni ile inayofukuza mbu. Manjano kwa Shangazi yalikuwa dawa kuliko dawa zote. Akafurahi kwamba hatimaye mtu ameelewa. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Naam, medicina! Medicina buona!" Dawa nzuri.

Daktari akafunga sanduku lake. Alimwambia Abdi atuambie kuwa hatamlaumu mama, mama wote hufanya hivyo, lakini ndiyo maana ugonjwa umeenea kichwa kizima. Kesho mtoto aletwe.

Nimeizungusha saa ile kichwani nikinyonyesha, nikifua, nikisubiri wali uive, na watu wakiniambia usijilaumu, nawaambia nani amesema najilaumu? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilifasiri nilichofundishwa. Mtu mzima aliyesoma miaka yote ile, mwenye taa ya kufichua vilivyofichika, hakufikiria jambo dogo kabisa, jambo ambalo mama yeyote angelifikiria: mwoshe mtoto kichwa kisha mtazame tena. Maji na sabuni. Ndoo ilikuwa pale mlangoni, imejaa, nilikuwa nimeiegemea.

Shangazi alimwosha, usiku kucha karibu, kwa sabuni na ndimu, na asubuhi tukampeleka hospitali ana kichwa kinachonukia kama achari. Shangazi alishika mlango wa chumba cha mashine asibanduke. "Waikie tena ile taa," akasema, yaani waiweke tena juu ya kichwa, "waone." Abdi alikwenda kuuliza kweli, nampa haki yake, akarudi anatazama chini. Taa ilikuwa imeshapakiwa garini, inakwenda shule nyingine. Wakamwingiza Tima. Mashine ilivuma, hakulia, alisema haiumi, alisema ni kama kukaa karibu na mtu anayewaza. Baada ya majuma, nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Shangazi alikuwa akiziokota asubuhi kabla Tima hajaamka, anazikunja, anazitia kwenye kikopo cha chai, kana kwamba zitahitajika. Watoto wengine zilirudi. Za Tima zilirudi pembeni tu, ukingo mwembamba kama wa kofia, na katikati pakabaki ngozi inayong'aa, mchana, bila taa yoyote. Labda walimweka muda mrefu kuliko wengine kwa sababu alikuwa amewaka kuliko wengine. Hakuna aliyetueleza na hatukuwa na mtu wa kumuuliza.

Na hapa ndipo uongo ulipozaliwa. Daktari amekwisha sema, kwa kinywa cha Abdi, kwamba alichokitia mama ndicho kilichoeneza. Shangazi akalishika hilo. Alilishika kama mtu anavyoshika upande wa kisu wenye makali kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Toka siku ile hakutia tena manjano nyumbani mwake. Mchuzi wake ukawa mweupe. Tulikula tambi nyeupe kwa mchuzi mweupe, na hakuzitukana tena, na Tima hakuzifyonza. Kucha za Shangazi zikarudi kuwa na rangi ya kucha. Jirani akauliza, akaambiwa, akawaambia wengine, na habari ikapanda mashua ikaenda Chovai na Chula: manjano yamemla mtoto wa Mwanakombo kichwa, mama mwenyewe ndiye aliyempaka. Mume wake, yule baharia, alikuja akasikia, na hakuwahi kumwambia neno, na nadhani angemwambia ingekuwa afadhali.

Neno lile la Kiitaliano nililolikosa, la mzizi na si la rangi, nililipata nikiwa shule ya sekondari, kwenye mkebe, dukani kwa Mhindi, katikati ya bizari na pilipili manga. Curcuma. Nililisoma nimesimama pale mpaka mwenye duka akauliza kama nanunua au naswali. Mwaka huo huo mwalimu wetu wa sayansi alitia kwinini kwenye bilauri ya maji akaiweka chini ya taa ya namna ile ile, maji yakawa buluu kama moto wa spiriti. Akasema vitu vingi hung'aa, mafuta, dawa, mkojo wa wagonjwa wengine, na ndiyo maana mpimaji husafisha kwanza, kisha hupima. Alilisema kama jambo dogo. Likaandikwa ubaoni. Nilirudi nyumbani nikamweleza Shangazi yote, neno, taa, kwinini, kusafisha. Alikuwa anapiga pasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante mwanangu. Lakini mkono ulikuwa wangu." Mwaka jana amekufa, na amekufa hivyo, akiamini mkono wake ndio uliomchoma mwanawe. Tulipomwosha nilimtazama kucha.

Basi huyo, Shangazi, ndiye maiti aliyekuwa nasi chumbani Chula, wakati Bi Shamsa ameweka kiganja chake juu ya bakuli.

"Bi Shamsa," nikasema, "toa mkono."

"Una adabu wewe?"

"Leo sina. Nilikuwepo." Na nikawasimulia, mwanangu yuko ziwani ananyonya, sauti yangu si nzuri, nimechoka, nimetapika njia nzima baharini, sikuwa na nguvu ya kupamba. Nilipofika kwenye medicina buona mmoja alicheka kisha akaziba mdomo. Bi Shamsa hakutoa mkono. Akasema hayo ya taa ni ya Wazungu, yeye anajua alichokiona, na alichokiona ni kichwa.

Ndipo Tima akafungua mtandio. Aliufungua taratibu, pini moja baada ya nyingine, akaziweka mdomoni kama anavyofanya mtu aliye peke yake. Ukiniondoa mimi, chumba kizima, hata Bi Shamsa mwenyewe, hakijapata kukiona kichwa kile. Nadhani hata mumewe hukiona gizani. Akauweka mtandio mapajani. "Kitazameni basi," akasema, pini bado ziko mdomoni, "mkichoka mniambie." Wakaangalia chini. Akanyoosha mkono, akakiondoa kiganja cha mama mkwe wake juu ya bakuli, kwa upole, kama mtu anavyoondoa kifuniko cha moto. Akachovya vidole, akaanza kumpaka mwanawe, utosini, kisogoni, nyuma ya masikio. Mtoto akanyamaza.

"Hija," akasema bila kuinua uso, "lile neno lao ulisema ni lipi?"

"Curcuma."

"Mh." Akachovya tena. "Angelijua Mama."

Kupaka kukaisha, bakuli likawekwa kando. Watu wote siku hizi wanasema uhuru, uhuru, Waitaliano wanafungasha, na sijui kama taa wataichukua au wataiacha. Nilitaka kusema neno, nikageuka kumtafuta binti yangu mkubwa, nikamkuta nyuma ya mlango na lile bakuli. Ameshalikomba. Amejipaka njia yote ya nywele na paji la uso, na anasubiri nimkemee. Shule zinafunguliwa juma lijalo. Nilimvuta kwangu, nikampangusa macho tu yasimwashe, nikamsuka hivyo hivyo.